Nusu Inchi Chini ya Nyumba

Mwenye gari-nyumba la GMC la mwaka 1975 akitaka matairi mapya leo, kinachomsumbua kwanza si bei bali ukubwa. Ubavuni mwa tairi lake la zamani pameandikwa 8.75-16.5, na ile nusu inchi ya mwisho ndiyo shida yenyewe. Zamani pickup nyingi za Marekani zilivaa rimu za inchi 16.5. Baadaye zikahamia 16, kisha 17 na zaidi, viwanda vya matairi vikazifuata, na ukubwa wa 16.5 ukaachwa ufe polepole bila mtu kutangaza msiba. Yaliyobaki sokoni mengi ni ya vijikatapila vya ujenzi au ya kupigia matope, hayafai kwa safari ya kilomita mia tano za barabara kuu. Hivyo mwenye gari hujikuta akibadili kitu ambacho pengine hakijaharibika: rimu zote sita, na ya akiba juu yake.

Gari lenyewe lastahili maneno machache, maana halifanani na wenzake. General Motors ililionyesha hadharani Mei 1972 kwenye maonyesho ya Transpo '72, uwanja wa ndege wa Dulles karibu na Washington, ikalitengeneza Pontiac, Michigan, kuanzia 1973 hadi 1978. Yalitoka magari 12,921, kisha kiwanda kikafunga mlango. Magari-nyumba mengi ya enzi zile yalikuwa boksi lililobebeshwa juu ya chesisi ya lori, na kuingia ndani ilibidi upande ngazi. Wahandisi wa GMC walichukua injini na giaboksi ya Oldsmobile Toronado, gari la kifahari linalovuta kwa magurudumu ya mbele, wakaviweka puani. Mwanzoni injini ilikuwa V8 ya lita 7.5. Kwa kuwa nguvu yote iliishia mbele, chini ya sakafu hapakupita shafti wala ekseli ya kukatiza nyuma, na sakafu ikashuka hadi kama sentimita 35 kutoka ardhini. Walioona filamu ya Stripes ya mwaka 1981 wameliona likigeuzwa kuwa chombo cha kivita, jambo ambalo bila shaka halikuwemo kwenye michoro ya wahandisi.

Nyuma kuna magurudumu manne, mawili kila upande, moja likimfuata mwenzake. Kila moja limeshikwa na mkono wake wa chuma, na katikati ya mikono hiyo miwili umelazwa mfuko wa upepo unaofanya kazi ya springi. Gurudumu la kwanza likipanda tuta, mkono wake hubana mfuko, na mfuko humsukuma wa pili akanyage chini kwa nguvu zaidi. Nyumba inabaki imetulia. Juu ya magurudumu hayo sita kuna vitanda, jiko, friji, tanki la maji na vyote ambavyo familia hudhani itavihitaji njiani. Jumla ni tani tano na ushei.

Nani hasa hubeba tani hizo? Si mpira. Mpira na nyuzi zake ni mfuko tu. Mbebaji ni upepo uliomo ndani. Gurudumu la mbele la GMC, chini ya injini na giaboksi, hubeba karibu tani moja, yaani nguvu ya takriban nyutoni 10,000. Ukilijaza upepo wa psi 80, sawa na kilopaskali 550, sehemu ya tairi inayogusa lami itakuwa na eneo la karibu sentimita za mraba 180: kipande cha sentimita 13 kwa 14. Punguza upepo, na tairi litajibonyeza hadi eneo liongezeke vya kutosha, kwa sababu mzigo ni uleule. Hesabu hii si kamili, kwa kuwa ubavu wa tairi nao hubeba kidogo, lakini inatosha kueleza kwa nini fundi wa matairi mwenye kipimo kibovu ni mtu wa hatari kuliko fundi asiye na kipimo kabisa. Huyu wa pili walau anajua kwamba anakisia.

Kule kujibonyeza ndiko kunakoua tairi. Tairi la gari hili lina kipenyo cha kama sentimita 74, na kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa huzunguka mara 12 hivi kila sekunde. Kila mzunguko, kila sehemu ya mpira hupinda inapokanyaga na kunyooka inapoachia. Mpira haurudishi nguvu yote uliyopewa. Sehemu hubaki ndani kama joto. Upepo ukiwa mdogo, mpindo unakuwa mkubwa, joto linapanda, gundi kati ya kashata na belti za waya inalegea, na siku moja kashata hubanduka kama zilivyo. Agosti 2000 Firestone iliyarudisha matairi milioni 6.5, mengi yakiwa yamevaliwa na Ford Explorer, kwa sababu ya kubanduka kwa namna hiyo. Joto na upepo mdogo vilikuwa miongoni mwa mambo yaliyochunguzwa. Marekani ikatunga sheria, na kufikia mwaka 2007 kila gari jipya dogo lililazimika kuwa na taa ya kumwonya dereva upepo ukishuka. Sheria hiyo huishia kwenye magari ya uzito wa juu wa pauni 10,000, kama kilo 4,500. Magari-nyumba mengi, yaliyo mazito kuliko hapo, yameachwa nje.

Sasa turudi kwenye nusu inchi.

Rimu za lori dogo za zamani zilikuwa za vipande: bakuli la chuma, na pete inayofungwa pembeni ili kulizuia tairi. Ndani palikaa tyubu. Afrika Mashariki hatuhitaji kuhadithiwa, maana Land Cruiser na malori madogo yaliyovaa matairi ya 7.50-16 yametembea na rimu hizo miaka na miaka, na mafundi wa pancha huziheshimu: pete isipokaa sawasawa, huruka wakati wa kujaza upepo, na ikiruka haichagui. Wamarekani walitaka rimu ya kipande kimoja, isiyo na tyubu, yenye nguvu ya kubeba mzigo wa pickup. Waliichukua kutoka kwa malori makubwa. Rimu za malori hayo huishia na nusu: 17.5, 19.5, 22.5. Mdogo wao ni 16.5.

Nusu hiyo ni alama ya ukoo. Rimu za namba nzima, kama 15 au 16, zina mahali pa kukalia tairi palipoinama nyuzi 5 tu, karibu bapa. Za nusu zimeinama nyuzi 15. Ukingo wa tairi unaokaa hapo, ambao nitauita mdomo, una tita la nyaya za chuma ndani yake lisilotanuka. Upepo unapousukuma mdomo kwenda nje, hupanda mteremko na kujikaza, kama mpini wa jembe unavyojikaza tunduni kila unapougonga. Ukingo wa rimu wenyewe unaweza basi kuwa mfupi: karibu milimita 13, ilhali rimu ya kawaida ya inchi 16 ina kama milimita 17. Ni ubunifu mzuri. Uliruhusu rimu ya kipande kimoja, isiyo na pete ya kuruka, ifanye kazi ya rimu ya vipande.

Ubaya wake ni ujirani. Kati ya 16 na 16.5 kuna milimita 12.7 za kipenyo, na kwa macho ya mtu aliyechoka saa kumi jioni rimu hizo mbili ni mapacha. Tairi la inchi 16 likilazimishwa kwenye rimu ya 16.5, huingia. Hapo ndipo mtego ulipo: kisichoingia kabisa hakimdhuru mtu. Upande mmoja hukaa vizuri kiasi, upande wa pili hukwama njiani kwenye mteremko ule wa nyuzi 15, kwa sababu tita la nyaya ni dogo kuliko mahali linapotakiwa kupanda. Fundi anaona mdomo haujakaa na kufanya ambacho mafundi wote hufanya: anaongeza upepo. Nyaya zinavutwa. Haziwezi kutanuka. Zinakatika.

Kinachofuata ni suala la nishati. Tairi la ukubwa huu lina ujazo wa kama lita 50. Likiwa na upepo wa psi 80, hewa iliyobanwa ndani ikiachiwa ghafla inaweza kutoa kilojuli 20 au zaidi. Hiyo ni nishati ya kuinua tani moja hadi mita mbili juu, na inatoka kwa kufumba na kufumbua, kuelekea upande alikoinama fundi. Ndiyo maana anayejaza matairi ya mzigo anatakiwa asimame kando, tairi liwe ndani ya kizimba cha chuma au limefungwa kwenye mashine, na mpira wa pampu uwe mrefu.

Mwaka 1998 Mahakama ya Juu ya Texas iliamua kesi ya fundi aliyejeruhiwa vibaya hivyo hivyo: tairi la 16, rimu ya 16.5. Ubavuni mwa tairi palikuwa na kibandiko cha rangi ya njano na nyekundu kilichokataza jambo hilo waziwazi, pamoja na mchoro wa mfanyakazi akirushwa hewani na tairi linalolipuka. Pia kilimkataza mtu asiinamie tairi wala asilifikie kwa juu anapolijaza. Yeye aliinama. Kampuni ya matairi ikajitetea kwa kibandiko hicho: tulimwambia. Mahakama ikakataa. Kulikuwepo namna ya kusuka tita la nyaya iliyo imara zaidi, ambayo wapinzani wa kampuni hiyo kibiashara walikuwa wakiitumia, na ambayo kampuni yenyewe ilianza kuitumia baadaye. Pale ambapo kuna ubunifu salama zaidi unaowezekana, kibandiko peke yake hakimwondolei mtengenezaji lawama. Wapo wanasheria walioiona hukumu hiyo kama ya kumbembeleza mzembe. Mimi naona majaji walikielewa kitu ambacho kila aliyewahi kufanya kazi ya mikono anakijua: onyo husomwa mara ya kwanza tu, na ajali hutokea mara ya mia nne.

Kwa mwenye gari-nyumba la zamani somo la kesi hiyo ni la vitendo. Akinunua matairi ya 16 wakati gari bado lina rimu za 16.5, hata moja tu, hata ile ya akiba iliyosahaulika kwenye tundu lake, ameuleta mtego nyumbani. Rimu hubadilishwa zote kwa mkupuo mmoja, na za zamani huondolewa kabisa gereji. Kuchanganya ni haramu.

Rimu mpya ambazo wenye GMC wengi huzichagua ni za aluminiamu zenye kipenyo cha inchi 16 na upana wa inchi 6, nyingi zikiwa za Alcoa, kampuni iliyoanza kufua rimu za malori kwa aluminiamu mwaka 1948. Juu yake huvikwa tairi la LT225/75R16. Ukikokotoa, inchi 16 ni milimita 406.4, asilimia 75 ya upana wa milimita 225 ni 168.75, mara mbili kwa sababu mpira uko juu na chini. Jumla milimita 744. Tairi la zamani lilikuwa karibu na 749. Tofauti haifiki hata asilimia moja, kwa hiyo spidomita inabaki kusema ukweli kama ilivyousema 1975, yaani kwa kukadiria.

Kwenye mzigo ndiko kuna faida kubwa. Tairi hilo la daraja E hubeba kilo 1,215 likiwa na psi 80. Mara sita, ni kilo 7,290 chini ya gari la tani tano na kitu. Lakini wastani ni mwongo mwenye adabu. Mbele kumekaa injini, nyuma kuna tanki, upande mmoja kuna jiko na friji, upande mwingine kuna meza tupu. Lita 150 za maji ni kilo 150, na hazikai katikati. Pima kila gurudumu peke yake, gari likiwa limejazwa kama la safari, na watu wamekaa ndani. Kisha fuata jedwali la kiwanda cha tairi kuweka upepo kwa gurudumu lililolemewa zaidi katika kila ekseli. Kujaza psi 80 kila mahali kwa sababu ndiyo namba iliyoandikwa ubavuni ni uvivu: namba ile ni ya mzigo wa mwisho kabisa, na tairi lililojazwa kupita mzigo wake hudunda, hushika barabara kwa eneo dogo na kuitikisa nyumba hadi vikombe vishuke rafuni.

Psi 80 ina mtihani mwingine mdogo ambao watu huupita bila kuuona. Tairi la daraja D huishia psi 65. Rimu iliyobuniwa kwa ajili yake haikuahidi zaidi ya hapo, na vali zile za kawaida za mpira zinazochomekwa tunduni nazo huishia 65. Ukipanda daraja la tairi, panda na rimu, panda na vali. Ya chuma, inayofungwa kwa nati. Vali ya mpira kwenye tairi la psi 80 itakaa kimya msimu mzima, kisha siku ya joto ipasuke shinani.

Je, aluminiamu ina ubora gani hasa, ukiacha kung'aa? Vijana wa mjini wakisema rimu za spoti wana lao moyoni, na kwa gari la umri huu mng'ao nao haudharauliki. Kisayansi hesabu ina pande mbili. Aluminiamu ina uzito wa gramu 2.7 kwa sentimita ya ujazo, chuma 7.8. Mtu atadhani rimu itapungua uzito kwa theluthi mbili. Haipungui hivyo, kwa kuwa ugumu wa aluminiamu dhidi ya kupinda nao ni theluthi tu ya ule wa chuma, hivyo fundi hulazimika kuifanya nene. Kinachobaki ni nafuu ya kilo kadhaa kwa kila gurudumu. Na hizo kilo kadhaa zina thamani kuliko kilo zilizomo ndani ya nyumba, kwa sababu ziko chini ya springi: kila shimo la barabara huzirusha juu, na ni kazi ya mfuko wa upepo na shokapu kuzirudisha chini kabla tairi halijaachana na lami.

Upande wa pili ni uchovu wa chuma. Gurudumu hili huzunguka mara 430 hivi kila kilomita. Katika kilomita 100,000 ni mizunguko milioni 43, na kila mzunguko mzigo hupita kwenye kila tundu la nati, likivutwa na kubanwa. Chuma cha kawaida kina kiwango ambacho chini yake kinaweza kuvumilia mizunguko isiyo na idadi. Ndiyo maana rimu ya 1975 inaweza kuwa nzima hadi leo. Ila kutu hukiondoa kibali hicho: kila kishimo cha kutu ni mwanzo wa ufa, na ufa hupenda kuzaliwa kandokando ya matundu, mahali ambapo rangi na vumbi vya breki huuficha. Aluminiamu haina kabisa kiwango hicho cha kuvumilia milele. Mbunifu anajua, kwa hiyo huiwekea nyama nyingi ili mzigo uwe mdogo sana kulinganisha na nguvu yake. Iliyofuliwa kwa kubanwa na mashinikizo ina chembe zilizolala kufuata umbo la rimu. Ya kumiminwa kwenye kalibu inaweza kuwa na vipovu. Kwa tani tano, mimi ningelipa zaidi nipate ya kufuliwa, na ningekataa rimu ya kumiminwa isiyochongwa mzigo wake wa juu mgongoni hata kama ningepewa bure.

Kufunga rimu nyingine kwenye habu ya zamani kunahitaji vitu vitatu vikubaliane. Matundu: GMC ina stadi nane kwenye duara la inchi 6.5, kama milimita 165, kipimo kilekile cha pickup nyingi za Kimarekani, na hiyo ni bahati. Nafasi ya kutosha kwa breki, ambayo hupimwa kwa kuvika rimu tupu na kuizungusha kwa mkono kabla ya kulipa. Tatu, na hapa ndipo werevu wengi wamekwama, umbali kati ya uso wa rimu unaokutana na habu na mstari wa katikati ya tairi.

Gari linalovuta mbele limepangwa ili mzigo wa gurudumu ushuke karibu kabisa na beringi, na ili sehemu inayogusa lami isiwe mbali na mstari ambao gurudumu hugeukia unapokata sukani. Rimu isiyo sahihi, au kipande cha kujazia kilichopachikwa kati ya habu na rimu ili ifanane, hulisogeza tairi nje. Milimita 25 tu, chini ya tani moja, ni nyutoni-mita 250 za ziada zinazoipinda beringi kila sekunde, hata gari likiwa limesimama. Sukani nayo inaanza kuvutwa na kila shimo. Kipande cha kujazia kinauzwa kwa bei ya chakula cha mchana, na beringi za mbele za gari hili si za kubahatisha. Nunua rimu iliyobuniwa kwa nafasi yake.

Kisha nati. Wengi huamini kwamba stadi hubeba gari kama misumari inavyobeba fremu ya picha. Haitakiwi iwe hivyo. Stadi ikikazwa huvutika kidogo, na ule mvuto huibana rimu dhidi ya habu hadi msuguano kati ya nyuso mbili ubebe kila kitu. Msuguano ukitoweka, stadi huanza kukatwakatwa ubavuni, na zinakatika moja baada ya nyingine. Tatizo ni kwamba mkono wako hauupimi mvuto huo moja kwa moja. Kati ya nguvu yote unayoitia kwenye spana, karibu nusu humezwa na msuguano chini ya nati, asilimia 40 hivi na nyuzi, na kama asilimia 10 tu ndiyo huvuta stadi. Tone la oili kwenye nyuzi hubadilisha hesabu yote. Rangi nene kati ya rimu na habu nayo ni adui: hubonyea baada ya safari fupi, na mvuto unashuka bila nati kuzunguka hata kidogo. Kwa hiyo nyuso husuguliwa hadi chuma kitupu, nyuzi huwekwa kama kiwanda kilivyoagiza, spana ya kipimo hutumika, na baada ya kilomita 80 hadi 160 mtu hushuka kuzikaza tena. Rimu ya aluminiamu ni nene kuliko ya chuma, na stadi fupi za zamani huenda zikaingia kwenye nati kwa nyuzi chache mno. Kama ni hivyo, stadi hubadilishwa pia, si kuombewa dua.

Baada ya gharama zote hizo, matairi ya gari-nyumba mara chache hufa kwa kipara. Hufa kwa uzee, kashata zikiwa bado nzuri, na hilo ndilo humdanganya mnunuzi wa gari la zamani. Mpira uliopikwa na salfa, ugunduzi wa Charles Goodyear wa mwaka 1839, hushikamana kwa madaraja ya salfa kati ya minyororo yake, na oksijeni haichoki kuyashambulia. Viwanda huchanganya nta na kemikali ya kinga, 6PPD, ambazo hupanda taratibu hadi juu ya mpira na kumezwa na ozoni badala ya mpira wenyewe. Zinapanda vizuri tairi linapopinda na kupata moto. Gari-nyumba husimama miezi mingi kwa mwaka, juani, uzito wote ukilala mahali pamoja. Kinga haipandi, nyufa zinaanza ubavuni. Watengenezaji wengi wa magari hushauri tairi litolewe baada ya miaka 6, na wenye viwanda vya matairi huweka ukomo wa miaka 10. Umri husomwa kwenye tarakimu nne za mwisho wa msimbo wa DOT: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Anayenunua matairi ya mitumba Dar es Salaam au Kampala anaweza kuisoma namba hiyohiyo, na mara nyingi itamwambia zaidi kuliko muuzaji. Hiyo 6PPD, kwa njia, imeingia matatani: Desemba 2020 watafiti wa jimbo la Washington walionyesha kwamba ikikutana na ozoni huzaa kemikali inayowaua samaki aina ya salmoni wa koho, mvua inaposomba vumbi la matairi hadi mitoni. Kinachotafutwa sasa ni mbadala, na bado haujapatikana wa kuitoshea kazi hiyo.

Kuna swali moja ambalo wenye magari haya hulijadili kuliko yote: kwa nini 16, wakati pickup za leo zimeshafika 17, 18 na 20? Si itakuwa yaleyale tena baada ya miaka michache? Jibu liko nje ya ulimwengu wa magari-nyumba ya kale. LT225/75R16 ya daraja E ndiyo tairi lililovaliwa na Ford E-450, gari la kazi ambalo juu ya chesisi yake Marekani imejenga ambalensi, mabasi madogo ya shule na magari-nyumba ya kukodisha kwa maelfu. Magari hayo hayapumziki, hula matairi mwaka mzima, na wamiliki wake hawana subira ya kusubiri mzigo utoke kiwandani. Muda wote yatakapokuwa barabarani, mtu mwenye GMC ya 1975 ataweza kuingia duka lolote la matairi, hata la mji mdogo wa Nebraska siku ya Jumamosi, akakuta manne ya akiba yamepangwa ukutani. Hiyo ndiyo hoja iliyouza rimu nyingi za inchi 16 kuliko mng'ao wake, kuliko wepesi wake, na kuliko hukumu ya Texas.